Alamu ya zamani ya waya inasumbua? Hakikisha kwanza ni paneli, alafu ndo uchague mpya

Kabla hujatoa hela ya paneli mpya (ile bodi inayoendesha alamu yote) naomba ufungue lile boksi la chuma kwanza uangalie ndani. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wengi, kipedi (kile cha vitufe vya kuingizia namba ya siri) kikianza kulia usiku wa manane au taa ya njano ikigoma kuzima, wanaamua hapo hapo paneli imezeeka, wananunua nyingine, wanafunga, na tatizo linabaki pale pale maana kilichokufa ilikuwa betri tu au waya mmoja umelegea nyuma ya fremu ya mlango. Na kuna wengine paneli yao kweli imekufa ila walichagua mpya kwa kuangalia app ilivyo nzuri kwenye simu, kufika kwenye kufunga wanakuta haikubaliani na rezista (vipande vidogo vya kupunguza umeme) zilizofukiwa ukutani, zoni (nafasi za kuunganishia waya za milango, madirisha na sensa) hazitoshi, na king'ora cha nje kimekaa kimya.

Mimi msimamo wangu ni mmoja: nyumba ambayo waya za alamu zimeshapitishwa ukutani ina mali, usiitupe. Waya haihitaji betri, haiingiliwi na mawimbi, na sumaku ya mlangoni inaweza kufanya kazi miaka mingi sana bila kuguswa. Paneli ndo ya kubadilika, na paneli hiyo ichaguliwe kwa kufuata kilichopo ukutani.

Vifaa unavyohitaji ni mita ya kupimia umeme (ya bei ya kawaida tu inatosha), bisibisi ndogo, tepu ya karatasi, kalamu, na simu ya kupigia picha. Piga picha bodi yote kabla hujagusa skrubu hata moja, alafu kila waya ubandike tepu yenye jina la terminali yake (pale kwenye skrubu waya ulipofungwa). Kama alamu yako inaangaliwa na kampuni ya ulinzi wapigie kwanza waiweke kwenye majaribio wasije wakatuma watu. Na kama paneli yako ni ile ambayo umeme mkubwa wa nyumba unaingia moja kwa moja ndani ya boksi, zima kwenye saketi breka kwanza, na kama hujazoea umeme mkubwa sehemu hiyo mwachie fundi, hapo hamna cha kujaribu.

Kipedi kimezima kabisa

Hapa watu ndo wanakata tamaa haraka kuliko kote. Anza na transfoma. Paneli nyingi za zamani zinatumia transfoma ndogo ya volti 16 hivi za AC, ya kuchomeka ukutani, na mara nyingi imefichwa nyuma ya kabati au stoo, mtu akaichomoa ili achomeke pasi na hakuirudisha. Pima kwenye terminali mbili za AC pale kwenye bodi, ukipata 16 mpaka 19 hivi transfoma ni nzima, ukipata sifuri fuata waya mpaka kwenye soketi.

AC ikiwepo na bado kipedi kimezima, chomoa waya mmoja wa betri uone. Betri ya zamani yenye seli iliyojifunga ndani inaweza kuvuta umeme wote wa chaja mpaka bodi inashindwa kuamka, ukiitoa tu kipedi kinawaka, na hapo umeokoa hela ya paneli nzima. Kama bado, toa waya zote kwenye terminali za umeme wa sensa (zile za volti 12) alafu pima: ukiona sasa inakaa kati ya 12 na 14 wakati kabla ilikuwa 5 au 6, basi kuna sensa au waya umegusana huko na paneli ilikuwa inajilinda. Rudisha waya moja moja mpaka umpate mkosaji. Hatua ya mwisho chukua kipedi kimoja, kilete mpaka kwenye boksi, kiunge kwa waya fupi moja kwa moja kwenye bodi bila kingine chochote. Kikiwaka hapo, tatizo ni waya wa ukutani. Kisipowaka na volti zipo, jaribu kipedi kingine cha aina ile ile kama kipo, na chenyewe kikigoma ndo unaanza kuisema bodi.

Taa ya hitilafu haizimi, inalia kila baada ya muda

Nyingi ni betri. Ile betri nyeusi nzito ya volti 12, mara nyingi 7Ah au 4Ah (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba), umri wake ni miaka mitatu mpaka mitano na watu wanaiacha miaka kumi. Usidanganyike na kipimo chake ikiwa imetulia, inaweza ikasoma 12.6 vizuri kabisa alafu ukikata umeme king'ora kinalia sekunde mbili kinakufa. Kata umeme wa ukutani, washa king'ora, uangalie mita ikiwa kwenye betri, ikiporomoka haraka chini ya 11 huyo ameisha. Ikiwa imevimba mbavuni au ina unga mweupe kwenye vichwa usipime chochote, itoe tu. Na ukishaweka mpya pima chaji inayotoka kwenye bodi huku betri haijaunganishwa: iwe karibu na 13.6 au 13.8. Ikiwa 15 inaua kila betri utakayoleta, ikiwa 12 haichaji, na hiyo sasa ni hitilafu ya bodi kweli.

Zoni moja haifungi, au inafunguka yenyewe

Hiki kipimo nakiamini kuliko vyote na kinachukua dakika mbili. Toa waya mbili za hiyo zoni kwenye bodi. Chukua rezista ya thamani sahihi (nitaeleza chini namna ya kuijua) uifunge moja kwa moja kwenye terminali za zoni. Zoni ikifunga (kipedi kikionyesha imefungwa), bodi ni nzima, tatizo liko nje kwenye waya, sumaku au sensa, na hata ukinunua paneli ya gharama kiasi gani hiyo zoni itaendelea kusumbua. Isipofunga, hiyo terminali imekufa, na kama ziko mbili tatu hivyo hivyo, hasa baada ya radi, bodi imeshaondoka.

Kwa upande wa nje anza na maungio. Fundi wa zamani alipounga waya nyuma ya mlango mara nyingi alizisokota tu akazungushia tepu, na tepu ile ikizeeka gundi inayeyuka, shaba inapata ukungu wa kijani, zoni inakuwa nzima mchana na kufunguka usiku baridi ikiingia. Zikate, zimenye upya, zichomelee kwa risasi. Angalia pia kama mlango umeshuka kwenye bawaba, sumaku ikikaa mbali na mwenzake upepo kidogo tu unatosha.

Alamu za uongo nyakati za usiku nazo sitazieleza sana, ni sensa ya mwendo yenye buibui ndani, au inayotazama pazia juu ya kifaa cha joto, au yenye lenzi imechafuka. Fungua, pangusa, ziba tundu la waya nyuma ili wadudu wasiingie. Sio paneli.

Haitumi taarifa nje, ila nyumbani inalia vizuri

Paneli za zamani zilijengwa kutumia simu ya mezani. Zinapiga namba na kutuma milio ya haraka haraka, ule mfumo unaoitwa Contact ID, na laini ikihamishiwa kwenye intaneti ile milio inafika imekatika katika, kituo hakielewi. Hapa paneli haina kosa lolote. Kuna kifaa cha kuongeza, cha intaneti au cha laini ya simu ya mkononi, kinachounganishwa kwenye paneli ile ile na kutuma kwa niaba yake, angalia kama kipo kinachokubaliana na modeli yako kabla hujafikiria kubadilisha kila kitu. Ukinunua cha laini ya simu chukua cha 4G maana mitandao ya 2G na 3G inazimwa sehemu nyingi duniani na utajikuta unanunua mara ya pili.

Na kama shida yako ni kwamba nyumba umeirithi au umeinunua na namba ya siri ya fundi huijui, soma kitabu cha paneli yako, nyingi zina njia ya kuirudisha kwenye hali ya kiwandani ukiwa umefungua boksi. Isipokuwa kama aliyeifunga aliweka kufuli ya fundi, hiyo ikiwepo njia za kawaida hazifanyi kazi na ni sababu halali kabisa ya kubadilisha bodi.

Kwa hiyo paneli imekufa kweli ukiona haya: chaji haitoki au imepita kiasi, terminali za zoni hazifungi hata kwa rezista, kuna sehemu imeungua au maji ya betri yamekula njia za shaba kwenye bodi, kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) zimevimba kichwani, imefungwa kwa namba ya fundi na haifunguki, au zoni zimejaa na haikubali kuongezwa. Hapo sasa tuongelee kuchagua.

Rezista ndo zinachagua paneli

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapotea. Mwisho wa kila zoni kuna rezista ndogo, ndefu kama punje ya mchele, yenye mistari ya rangi. Paneli inaitumia kujua tofauti kati ya mlango kufungwa, mlango kufunguliwa na mtu kugusanisha waya makusudi. Kila kampuni ina thamani yake: DSC ni 5.6k, Paradox ni 1k, Honeywell za Vista ni 2k, NetworX ni 3.3k. Soma rangi zake, mistari mitatu ya kwanza inatosha: kijani, bluu, nyekundu ni 5.6k, kahawia, nyeusi, nyekundu ni 1k, nyekundu, nyeusi, nyekundu ni 2k, njano, zambarau, nyekundu ni 4.7k.

Kama huioni maana iko ndani ya ukuta, toa waya za zoni kwenye bodi upime ohm kati yake mlango ukiwa umefungwa. Ukipata kama 5,600 una jibu, ikizidi kidogo ni urefu wa waya. Ukipata karibu na sifuri basi fundi aliweka rezista ndani ya boksi (utaziona zimening'inia kwenye terminali), au hakuweka kabisa. Hiyo kwako ni nafuu maana utaweka ya thamani yoyote ile, ila ujue kwamba rezista iliyo ndani ya boksi hailindi waya, mtu akigusanisha waya njiani paneli inaona mlango umefungwa. Kama mwisho wa waya unafikika, ihamishie kule.

Fungua mlango huku mita iko pale pale. Ikiruka kwenda wazi kabisa (kama vile waya umekatika) ni mfumo wa rezista moja. Ikitoka 4.7k ikaenda 9.4k ni rezista mbili, alamu na kuchezewa vinasomwa kwenye waya mmoja, na paneli mpya lazima ikubali mfumo huo na thamani hizo.

Kuna mtego kwenye sensa za mwendo. Relei yake (swichi ndogo ya ndani) inashikiliwa na umeme, ukizima paneli inaachia, kwa hiyo ukipima ohm umeme ukiwa umezimwa unasoma wazi na utadhani waya umekatika. Sensa hizo acha ziwe na volti 12, toa waya za zoni tu, toka kwenye eneo lake isubiri itulie, alafu pima. Niliwahi kutumia nusu siku nzima nikitafuta waya uliokatika kwenye korido, nikatoa mpaka ubao wa ukingoni, kumbe waya ulikuwa mzima na mimi ndo nilikuwa nimekata umeme.

Sasa ukipenda paneli yenye thamani tofauti na yako inakuwaje? Kupandisha inawezekana kiasi: una 2k ukutani, paneli inataka 5.6k, unaweka 3.6k kwenye mfululizo pale kwenye bodi, jumla inafika 5.6k na mlango ukifunguliwa bado inasoma wazi, sawa. Ila waya zikigusanishwa inasoma 3.6k badala ya sifuri na paneli inaweza isigundue, kwa hiyo umepoteza ulinzi wa waya. Kushusha ndo usijaribu, yaani una 5.6k unataka 2k ukaongeza rezista ya 3.1k sambamba: mlango ukifunguliwa paneli inaona 3.1k, haioni wazi, na inaweza ikakaa kimya mwizi anaingia. Suluhisho la kweli ni tatu, badilisha rezista kule mwisho, au nunua paneli ya thamani ile ile, au nunua paneli au moduli (bodi ndogo ya kuongezea) inayokuruhusu kuchagua thamani kwenye mipangilio, siku hizi zipo na kwa nyumba ya zamani mimi ningeanza kutafuta huko.

Hesabu nyingine kabla ya kununua

Zoni: hesabu jozi za waya zinazoingia kwenye boksi, usihesabu terminali zilizotumika. Mara nyingi paneli ya zoni sita ina jozi kumi na moja, madirisha manne yameunganishwa kwenye zoni moja kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha, na moja likisumbua hujui ni lipi. Ukiwa unabadilisha ndo nafasi yako ya kuwekea kila dirisha zoni yake. Tafuta inayoanza na nane na inaongezeka kwa moduli.

Kipedi: vipedi vya zamani usivihesabie. Rangi za waya zinafanana, nyekundu, nyeusi, njano, kijani, ila lugha inayopita kwenye zile mbili za mwisho ni ya kampuni moja, mara nyingine ya familia moja tu ya modeli. Waya unautumia, kipedi unanunua. Njia pekee ya kubaki na vipedi ni kununua bodi ya familia ile ile, na kama bado inatengenezwa na inakutosha sioni ubaya wowote, ni kazi ya saa mbili.

King'ora: hiki kinasahauliwa na wengi. Paneli nyingi za zamani zilikuwa zinatengeneza mlio zenyewe na kuupeleka kwenye spika ya tarumbeta, zile mpya nyingi zinatoa volti 12 tu na kutegemea king'ora kijitengenezee mlio. Toa waya zake upime ohm, ukipata karibu na 8 hiyo ni spika tupu, paneli mpya itahitaji kifaa kidogo cha kutengeneza mlio katikati, au ubadilishe king'ora. Usiiunge tu ukatumaini italia, spika ya ohm 8 ukiipa volti 12 tupu inavuta ampea moja na nusu na haitoi mlio wowote wa maana.

Sensa za moshi za waya mbili zinapata umeme na kutoa ishara kwenye waya hizo hizo, na zinafanya kazi na paneli zilizotajwa kwenye orodha ya mtengenezaji tu. Zako zikiwa hivyo na paneli mpya haimo kwenye orodha, badilisha sensa. Kwenye moto usibahatishe.

Umeme: jumlisha kila kinachokula. Mfano sensa nane za mwendo kwa miliampea 15 ni 120, vipedi viwili kwa 110 ni 220, sensa tatu za kuvunjika kioo kwa 20 ni 60, jumla 400. Paneli nyingi zinatoa kama nusu ampea, kwa hiyo hapo uko karibu na ukingo, ukiongeza kitu unahitaji chanzo kingine cha umeme. Na kwa betri ya 7Ah hiyo 400 inakupa kama saa 17 kwenye karatasi, chini ya hapo kwa uhalisia, bado king'ora hakijalia.

Alafu swali ambalo ningemuuliza muuzaji kabla ya kutoa hela: naweza kuipanga mwenyewe kwa kipedi au kwa programu ya bure, au inahitaji akaunti ya fundi aliyesajiliwa? Na nikiacha kulipa kila mwezi, bado italia mwizi akiingia? Kuna paneli nzuri sana kwa umbo ambazo bila kampuni nyuma yake ni kipande cha plastiki ukutani.

Kuna pia njia ya moduli inayogeuza zoni za waya ziwe za bila waya ili paneli ya kisasa izisome. Inafaa ukiwa unaitaka sana paneli fulani, ila moduli hiyo iwe na umeme na betri yake, na uhakikishe inatoa volti 12 kwa sensa zako za mwendo maana nyingine hazitoi za kutosha. Zipo na bodi za kuingiza zoni kwenye mfumo wa nyumba janja kupitia waifai, ni nzuri kwa anayependa kupanga mambo mwenyewe, lakini ruta ikizima nani atawasha king'ora? Kama jibu haliko wazi kwenye maelezo ya kifaa, usiifanye iwe ulinzi wako pekee.

Siku ya kufunga usiunge kila kitu kwa mkupuo. Bodi na kipedi kimoja kwanza, kiwake. Zoni zote zizibe kwa rezista kwenye terminali uone zimefunga, alafu toa rezista moja weka waya wa zoni hiyo, nenda ufungue mlango mwenyewe, rudi uone kipedi kimeandika mlango sahihi, ndo uende zoni ya pili. Vipedi vingine vifuate, sensa za mwendo, na king'ora cha mwisho kabisa. Kikishalia vizuri kwa umeme wa ukutani, chomoa transfoma ukilize tena kwa betri peke yake dakika nzima, na hiyo betri uiandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito upande unaoonekana ukifungua boksi.